Mhadhiri hataki kelele, bosi anataka tamko, na mi wakili nina miezi minane tu kazini

MUULIZE SHANGAZI

Shikamoo Shangazi. Mi ni wakili, nimeapishwa mwaka jana, na sa hivi nina miezi minane kwenye shirika dogo hapa Dar linaloshughulika na uhuru wa kujieleza, hasa kesi za walimu wa vyuo na wanafunzi. Mshahara wa kawaida tu na mkataba unaisha mradi ukiisha. Baba kila nikienda nyumbani ananiuliza kwani mabenki hayataki wanasheria siku hizi, yani kwake mi kazi yangu ni kutafuta ugomvi na wakubwa, lakini hilo nishalizoea wala silo ninaloulizia.

Kinachonisumbua ni hiki. Kuna mhadhiri wa chuo kimoja (naomba nisikitaje) aliandika posti ndefu fesibuku kuhusu ada zinavyopangwa chuoni kwake na maabara zilivyo hoi, akaweka na picha ya maabara yenyewe. Siku ya tatu akapewa barua ya kujieleza, wiki iliyofuata akatolewa darasani "mpaka uchunguzi ukamilike", na mwanafunzi mmoja aliyeirusha ile posti kwenye grupu la wasap la darasa akasimamishwa masomo. Mhadhiri alikuja ofisini mwenyewe, nikakaa naye masaa kama matatu. Bosi alipopata habari akasema tamko litoke leoleo, tuite waandishi, tuwaandikie na watu wa nje. Mhadhiri akasema hapana, ana mtoto anasoma hapohapo kwa punguzo la ada na anaamini akitulia wataelewana. Bosi anasema hii sio kesi ya mtu mmoja, ni ya nchi nzima. Mama wa yule mwanafunzi ndo kabisa, alinipigia analia, mwanangu usije ukamharibia mwenzio.

Sa mi niko katikati. Nikinyamaza naona nimeisaliti kazi, nikipiga kelele naona nimemsaliti mtu. Na kiukweli Shangazi hata pa kuanzia kisheria sipajui vizuri, maana uhuru wa kitaaluma chuoni tulifundishwa nusu saa hivi, katikati ya somo la haki za binadamu, na siku hiyo mvua ilinyesha nusu ya darasa haikuja.

Wakili Mchanga, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikamkasirikia bosi wako, mara ya pili nikajikumbuka mwenyewe.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na mteja, mwalimu, mtu mpole sana. Nikamuuliza, tukiongea na waandishi ni sawa? Akanijibu "sawa wakili". Mi nikaichukua ile "sawa" kama ruhusa kumbe alikuwa ananiheshimu tu, mtu kanijia na shida atanibishia vipi. Asubuhi jina lake liko gazetini na mkewe kapata habari kwa jirani aliyekuja kuazima pasi. Kesi tulishinda. Yule bwana hakunisalimia tena mpaka leo, tukikutana sokoni anageukia kwenye nyanya.

Kwahiyo swali lako la kwanza halina mjadala. Mhadhiri ni mteja, kasema hapana, basi ni hapana. Sio kwamba bosi wako ni mtu mbaya, hoja yake ya nchi nzima ni ya kweli kabisa, ila nchi nzima haijakupa maelekezo ya kesi, aliyekupa ni huyo mtu mmoja uliyekaa naye masaa matatu. Na msije mkajidanganya mkasema tutatoa tamko bila jina. Chuo ni hicho, maabara ni hiyo, picha watu walishaiona, nani atashindwa kujua? Mwambie bosi hivyo kwa adabu na kwa maandishi, imeli fupi tu, "mteja ametoa maelekezo haya tarehe fulani", na wewe ubaki na nakala. Mhadhiri naye akibadili mawazo baadae aandike mwenyewe na asaini, na umweleze kabla hajasaini nini kinaweza kumpata siku ya pili, ya tatu, mpaka mwezi wa sita, maana siku ya kwanza wote wanakuwa majasiri.

Ila sasa hapa ndo vijana wengi mnapoteleza, mnadhani kama hampigi kelele basi mnasubiri. Saa inatembea mwanangu. Kesi za watu kama huyu mhadhiri nyingi hazifi kwa kukosa haki, zinafia kwenye kalenda, mtu kakaa anasubiri waelewane na walioandika barua nao wanasubiri hivyohivyo, wakijua kila wiki inayopita inawafaa wao.

Kaa chini leo uandike tarehe. Barua ya kujieleza ilimfikia siku gani (sio tarehe iliyoandikwa juu, siku iliyomfikia mkononi), ana siku ngapi za kujibu, aliondolewa darasani lini na kwa barua ya nani. Alafu tafuta kanuni za utumishi za chuo na sheria ndogo za wanafunzi, zote mbili, toleo linalotumika sasa. Hizo ndo katiba yako ya wiki hii. Soma nani ana mamlaka ya kumtoa mwalimu darasani na nani wa kumsimamisha mwanafunzi, maana mara nyingi utakuta barua kasaini mtu ambaye kanuni hazimpi hata nafasi ya kuitisha kikao. Mwanafunzi aliitwa kwenye kamati ya nidhamu au alipewa tu barua getini? Aliambiwa kosa ni lipi, kifungu gani? Haki ya kusikilizwa haina mvuto kwenye mabango, lakini mbele ya jaji inabeba mzigo kuliko hotuba yoyote ya uhuru.

Kama chuo ni cha umma, mhadhiri ni mtumishi wa umma, na tangu marekebisho ya 2016 kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka amalize kwanza ngazi za ndani ya utumishi kabla hajaenda kwenye vyombo vya sheria za kazi, usimkimbize CMA (ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi) mkarudishwa mlangoni. Kama chuo ni binafsi basi CMA ndo penyewe, na hapo akifukuzwa ana siku 30, migogoro mingine 60. Mwanafunzi njia yake ni rufaa za ndani ya chuo, alafu kama ni chuo cha umma, Mahakama Kuu kwa mapitio, yani jaji akague uamuzi wa chuo ulivyofikiwa, ambapo unaanza kwa kuomba kibali na una miezi sita toka uamuzi utolewe. Miezi sita inasikika mingi, subiri uone chuo kinavyoweza kukaa na rufaa ya mtu mezani mpaka vumbi lijae.

Alafu kuna ile ambayo wengi hata wakongwe wanaisahau. Mahakama ya Afrika Mashariki, iko hapohapo Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupeleka shauri, na hailazimishi umalize kwanza mahakama za nyumbani, lakini ina miezi miwili tu, toka jambo lifanyike au toka ulijue. Miwili! Na wanaihesabu kweli, hawana huruma na "tulikuwa tunazungumza na uongozi". Ndo hapo Baraza la Habari Tanzania na mashirika mawili ya haki za binadamu, LHRC na THRDC, walipoipeleka Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, shauri namba 2 la 2017, na tarehe 28 Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinaenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kabla yao Warundi walishafungua njia, 2015, chama cha waandishi wa habari wa Burundi na sheria yao ya habari. Angalizo tu, pale unamshtaki nchi, haumshtaki mkuu wa idara, kwahiyo lazima uonyeshe mkono wa serikali uko wapi, na chuo cha umma na chuo binafsi hapo sio kitu kimoja.

Ile Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, ambayo nayo iko Arusha, Mtanzania hawezi tena kuiendea moja kwa moja. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi na mashirika, ikaanza kuuma mwaka mmoja baadae. Inasikitisha, maana ni mahakama hiyo iliyotoa uamuzi wa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, Desemba 2014, ikasema kumfunga mtu jela kwa kumkashifu mtu ni kuzidisha. Kwenda huwezi, kuisoma na kuinukuu unaweza, inukuu.

Haya, sasa hiyo nusu saa yako ya siku ya mvua. Katiba ya Tanzania ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni na kueleza fikra zake, ila neno uhuru wa kitaaluma hulikuti mle. Wakenya wameliandika waziwazi, ibara ya 33 ya katiba yao ya 2010, Waganda ibara ya 29 ya ile ya 1995. Sisi lazima tuzunguke kidogo. Tanzania iliingia mwaka 1976 kwenye mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, ambao ibara ya 13 yake ni ya elimu, na kamati inayousimamia ikatoa Maoni ya Jumla namba 13 mwaka 1999. Tafuta aya ya 38 na 39. Inasema walimu NA wanafunzi, umeona, sio maprofesa peke yao, na kati ya vitu walivyo na uhuru wa kuvisemea ni taasisi yao wenyewe wanayofanyia kazi. UNESCO walishasema hivyohivyo kwenye pendekezo lao la 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu. Yani posti ya ada na maabara iko katikati kabisa ya uhuru wa kitaaluma, wala sio pembeni. Watakujibu kwamba yule kasema nje ya darasa na nje ya fani yake, mtu wa kemia ada inamhusu nini. Inamhusu, ndo chuo chake.

Ila uwe mkweli na mteja wako. Zile aya ni za kumshawishi jaji, hazimfungi mikono. Ndo maana nakwambia anza na kanuni za chuo, tembea mpaka kwenye katiba, alafu ndo mkataba, sio kinyume chake. Nimeona maombi ya kurasa arobaini, kumi na tano za kwanza ni New York na Geneva, kanuni ya chuo iliyovunjwa iko ukurasa wa 33.

Na yapo ya kwetu pia ya kunukuu ambayo sijui kwanini vijana hamyajui. Aprili 1990 vyama vya walimu wa vyuo hapa nchini walikaa wakatoa Azimio la Dar es Salaam, na Novemba mwaka huohuo likafuata la Kampala la wasomi wa Afrika. Yote mawili hayakuishia kwenye uhuru, kwenye jina lenyewe wakaweka na wajibu wa msomi kwa jamii yake. Walikuwa wanajua wanachosema. Mlimani ile ile, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunayoisifia kwa mijadala ndiyo ambayo Novemba 1970 USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, kilipigwa marufuku pamoja na gazeti lao Cheche, na Julai 1971 rais wa wanafunzi, Akivaga, Mkenya, akakamatwa na kurudishwa kwao kwa sababu ya barua aliyomwandikia makamu mkuu wa chuo. Barua tu. Kwahiyo mhadhiri wako na fesibuku yake hajaanzisha kitu.

Ushahidi. Ile posti iko hewani bado? Skrinishoti bila linki na bila tarehe ni picha tu. Ichukue yote, na maoni ya chini yake, uandike umeichukua lini na kwa kifaa gani, maana mtu atakuja kula kiapo kwa hilo, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinataka mahakama ijiridhishe ilivyotunzwa. Ya grupu la wasap kaa nayo mbali kidogo, mle kuna namba za simu za darasa zima ambao hawajakuomba uwatetee. Na usiyaweke haya kwenye simu hiyohiyo unayompa mpwa wako achezee gemu. Mtu wa tatu akijua mwanafunzi alikuambia nini, hakuna mahakama itakayolirudisha hilo.

Kuhusu mwanafunzi, mpe wakili mwingine. Ndio umesoma sawa. Leo wanaonekana wako upande mmoja, kesho chuo kikimwambia mhadhiri tutakurudisha darasani ila useme hukumtuma yule kijana, utafanyaje? Mtafutie mwenzako mzuri hata wa bure, mfahamishe mama yake, umpigie wewe mwenyewe sio meseji.

Nafasi ya bosi wako ipo pia. Wale watu wa nje anaotaka kuwaandikia wanaweza kusaidia kimyakimya, kuna mtandao unaitwa Scholars at Risk, uko pale Chuo Kikuu cha New York, wana utaratibu wa kufuatilia matukio ya namna hii, na sio lazima kila kitu kitangazwe. Tena kwa ridhaa ya mhadhiri, tumeelewana.

Baba mwache. Nilitaka nikwambie umsimulie habari za Willy Mutunga, katibu wa chama cha wahadhiri Nairobi aliyewekwa kizuizini 1982 na 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya, ila nikakumbuka stori yenyewe inaanzia kizuizini, baba hatafika hata kwenye ujaji. Mpelekee sukari na mchele, mwambie kazi inaendelea.

SHANGAZI, mi nasoma masta, nimefanya utafiti wangu kata tatu za wilaya moja na namba zangu za watoto wasiojua kusoma zimekuja tofauti kabisa na za serikali, tena zimekuja mbaya zaidi. Supavaiza ananiambia nizilaze kidogo maana takwimu zina sheria yake, naweza kufungwa. Kweli? (Mwenye Namba, Dodoma)

JIBU: Supavaiza wako amebaki 2018. Mwaka huo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutoa takwimu za kupotosha au kuzitilia shaka zile rasmi, adhabu yake faini isiyopungua milioni kumi au jela. Benki ya Dunia ikalalamika, watu wakalalamika, na 2019 ikarekebishwa tena, hilo kosa likatolewa na mtu akaruhusiwa kutoa takwimu zake. Ila hofu haikurekebishwa pamoja na sheria, ndo hiyo inaongea kwa mdomo wa supavaiza. Na simcheki, maana wengine tunakumbuka Julai 2018 shirika la Twaweza walipotoa matokeo ya kura ya maoni yaliyoonyesha umaarufu wa rais umeshuka, COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia barua kuhusu kibali na mkurugenzi wao akazuiliwa pasi ya kusafiria. Walimu wa vyuo walijifunza hapo kuliko kwenye kitabu chochote.

Wewe hakikisha kibali chako cha utafiti kiko sawa kabisa, hapo ndo wanapopenda kushika, kibali, sio namba. Eleza ulivyochagua hizo kata na kaya, sema waziwazi ni kata tatu na sio wilaya nzima wala nchi, weka namba za serikali pembeni ya zako na useme zimepimwa kwa njia gani tofauti. Kuzilaza namba hapana. Huko ndo kuna kosa la kweli la kitaaluma, na hilo halijawahi kurekebishwa na bunge lolote.

ASALAM ALEIKUM Shangazi. Sisi tu wanafunzi wa chuo cha umma hapa Mombasa, tuliomba ukumbi wa mjadala kuhusu madeni ya nchi, tukaambiwa tulete kwanza majina ya wasemaji na hotuba zao zilizoandikwa. Tulipopeleka majina bila hotuba tukajibiwa kwa mdomo kwamba ukumbi una ukarabati. Jumamosi hiyohiyo pakafanywa arusi mle ndani. (Wa Pwani)

JIBU: Waaleikum salam wanangu. Hiyo arusi imenichekesha, mngeenda mkapiga picha na bibi arusi na tarehe nyuma yake.

Nyie mna silaha ambazo mwenzenu wa Dar anazimezea mate. Ibara ya 33 ya katiba yenu inataja uhuru wa kitaaluma kwa jina, na mipaka yake imeandikwa palepale, propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Deni la nchi haliko kwenye hiyo orodha. Ibara ya 47 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na kuna sheria yake ya 2015 ya uamuzi wa haki wa kiutawala. Kwahiyo jibu la mdomo halijakamilika. Andikeni barua, ombeni sababu. Papo hapo tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016 muombe rejista ya ukumbi ya mwezi huo na ratiba ya ukarabati, wana siku 21 za kujibu, na aombe mwanafunzi mmoja mwenye kitambulisho cha taifa kwa jina lake. Rejista itasema yenyewe habari za arusi.

Hotuba msipeleke. Majina ya wasemaji kwa ajili ya geti na usalama sawa, lakini kusomewa hotuba kabla ni kukaguliwa mawazo, na pwani mnalijua hilo kuliko mnavyodhani, Alamin Mazrui wa hapohapo Mombasa alikuwa anafundisha Chuo cha Kenyatta alipowekwa kizuizini 1982, bila kesi, wakati ule chama cha wahadhiri kilikuwa kishafutwa toka 1980.

Mtandaoni mnapotangaza mjadala angalieni maneno. Kifungu cha 29 cha sheria yenu ya mawasiliano, kile cha kutumia mtandao vibaya, mahakama ilikitupa 2016, na kashfa ya jinai ikatupwa 2017, ila 2018 ikaja sheria ya makosa ya kompyuta na vifungu vyake vya habari za uongo, ikapingwa mahakamani mwaka huohuo. Msiandike "chuo kimekula hela ya ukumbi" kama hamna karatasi. Andikeni mlichokiona, mliomba tarehe hii, mkajibiwa hivi, Jumamosi palikuwa na arusi.

Barua ya kuomba sababu toeni nakala mbili na zote zigongwe muhuri wa mapokezi. Yule dada wa mapokezi akisema muhuri uko kwa bosi, msubirini arudi, kaeni hapo benchi.